Yah: Pongezi kwa Jokofu Lisilotetereka

Kwa Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ijumaa, nikisubiri mwanangu achomwe chanjo ya wiki ya 10, nilisoma chati ya joto iliyobandikwa kwenye mlango wa jokofu. Asubuhi 4, jioni 4. Jumapili zahanati imefungwa, 4. Alhamisi umeme ulikatika mchana kutwa, 4. Kilichonigusa zaidi ni Jumamosi: haijafika, lakini imeshaandikwa 4, asubuhi na jioni. Kalamu moja, mwandiko mmoja, hakuna palipofutwa. Mwongozo unataka nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo mkaguzi hata akishuka ghafla ataweka saini na kwenda zake.

Muuguzi alipofungua mlango niliona ukarimu wa jokofu hilo. Soda mlangoni, samaki kwenye mfuko wa plastiki, na vichupa vya Penta, chanjo inayokinga kifaduro na mengine, vimesukumwa nyuma kabisa hadi vimegusa barafu. Penta ikiganda imeharibika. Ikiyeyuka, kwa jicho la haraka ni ileile. Kile kibandiko cha kwenye kichupa, chenye mraba ndani ya duara, hubadilika rangi kwa joto tu. Chanjo iliyoganda hakiishtaki. Ukitaka kujua, gandisha kichupa kimoja makusudi, kiyeyushe, ukitikise pamoja na unachokishuku, kisha uangalie kama mashapo ya vyote viwili yanatuama kwa kasi ileile. Nani ana muda huo na foleni imefika barabarani? Mtoto atachomwa, atalia, kadi itajazwa. Anayebaki bila kuisoma kadi ni kifaduro.

Nilifikiria kuhamia kliniki binafsi ya jirani. Huko wana friji la nyumbani, linang'aa, na kipimajoto hakuna kabisa, kwa hiyo hakuna anayedanganya. Nesi alinieleza kwa fahari kwamba usiku hulizima kubana LUKU. Chanjo ya surua, ambayo joto ndilo adui yake, hulala humo ikisubiri kuche.

Muuguzi wetu simlaumu. Ndiye anayechanja, ndiye anayepima wajawazito, ndiye anayegawa dawa, na jenereta halijaona mafuta siku nyingi. Akiandika 11 anaitwa kujieleza. Akiandika 4 anaachwa afanye kazi. Hata mimi ningeandika 4, tena ningemalizia mwezi mzima siku ya kwanza nipumzike.

Basi, Mganga Mfawidhi, siku muuguzi atakapothubutu kuandika 11 au sifuri, mpelekee fundi, usimpelekee barua. Vichupa vilivyogusa barafu vitengwe visitumike hadi vipimwe. Samaki atafutiwe makazi mengine. Na ile Jumamosi naomba ifutwe, ijazwe na mtu aliyekitazama kipimajoto.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi wa foleni ya Ijumaa