Ombi la Seng'enge: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya



Wakazi wa Kiambere, kule Mbeere katika kaunti ya Embu, wana ombi dogo. Hawaombi zahanati wala barabara. Wanaomba kuzungushiwa seng'enge.

Wamechunguza wakaona bangi ina tabia ya ajabu. Ikiota nyuma ya choo cha mkulima ni jinai kwa sheria ya mwaka 1994, na mwenye boma hulala seli. Ikiota ndani ya ua wenye kamera, mlinzi na mwekezaji, inatibu wagonjwa na kuleta fedha za kigeni. Lesotho iliwahi kuligundua hilo mwaka 2017, ikawa ya kwanza Afrika kutoa leseni za bangi ya dawa. Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, leseni ikiwa dola 50,000. Kwa mtu anayehesabu mali yake kwa mbuzi, bei hiyo ni huruma tupu: inamwepusha na usumbufu wa kujaza fomu.

Kenya haijafika huko. Marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliandaa mswada mwaka 2018 na kufariki mwaka uliofuata. Profesa George Wajackoyah aliahidi mwaka 2022 kulipa deni la taifa kwa bangi na sumu ya nyoka. Wapiga kura 61,969 wakamwelewa. Kiambere haina haraka. Imekwisha kuletewa maendeleo mara moja, na bado inayahesabu.

Bwawa la Kiambere lilianza kuzalisha umeme kwa maji ya Mto Tana mwaka 1988, baada ya maelfu ya watu kuhamishwa. Mwanasosholojia Mburugu aliwafuata huko walikohamia, akawapima. Wastani wa shamba ulishuka kutoka hekta 13 hadi 6. Mifugo ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Mavuno ya mahindi kwa hekta yalianguka kwa asilimia 68, ya maharagwe asilimia 75. Kipato cha familia kiliteremka kutoka shilingi 10,968 hadi 1,976. Lakini mradi wenyewe ulifaulu sana. Nairobi iliwaka taa.

Basi mwekezaji wa bangi akija na hotuba ya ajira atakuta wasikilizaji waliohitimu. Watamuuliza hati ya ardhi iko kwa jina la nani, maji ya Tana yatavutwa na pampu ya nani, na faida italala benki ipi. Kazi zitakazobakia wanazijua bila kuambiwa: kupalilia, kuchuma na kulinda geti. (Mlinzi, kwa bahati nzuri, huenda akawa mtoto wa yule aliyelala seli.)

Wapo wanaouliza kwa nini Mmbeere asitosheke na muguka, majani yanayotafunwa kama miraa. Anatosheka mno: unavumilia ukame na unalipa karo. Ila Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta ziliupiga marufuku, zikitaja afya ya vijana wao, na kilio cha wazazi wa Pwani si cha kupuuzwa. Rais akasema marufuku hayo ni batili kwa kuwa sheria inautambua muguka kama zao. Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha ya Mombasa na Kilifi. Kwa siku chache tu, gunia lilelile lilikuwa sumu, zao halali na kielelezo cha kesi, na huku majani yananyauka.

Kwa hiyo, Wizara ikiandika kanuni za bangi ya dawa, wakazi wanapendekeza leseni zipewe pia vyama vya ushirika, ada ilipwe baada ya mavuno, na mkataba usomwe barazani kwa Kimbeere kabla haujatiwa sahihi Nairobi. Ikiwa masharti haya yatawatisha wawekezaji, wakazi wataelewa. Watamwomba tu huyo aliyetishika ataje ni sharti lipi lililomtisha.