Dola 10 za Microsoft

Jina la kikoa, yaani anwani ambayo kwayo tovuti hufikiwa katika intaneti, hulipiwa ada ndogo kila mwaka, ila likishatamaniwa na tajiri, muuzaji hutarajiwa kusahau jambo hilo. Mwaka 2003, Mike Rowe, mwanafunzi wa Kanada mwenye umri wa miaka 17, alisajili MikeRoweSoft.com, ambalo likitamkwa husikika kama Microsoft, na mawakili wa Microsoft, kampuni isiyosifika kwa ufukara, wakamwahidi dola 10, yaani gharama ya usajili, naye alipotaka 10,000 ndipo walipogundua kwamba kijana ana tamaa. Januari 2004 waliafikiana, na miongoni mwa alivyopewa ni mashine ya michezo ya Xbox. Dalali mwenye haya asingefungua kinywa kwa dola 10.