Kwa Heshima ya Daraja la Kimo Kifupi

Madaraja marefu yana nyota ya kupendwa. Lile la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 lilikatiwa utepe, viongozi wakahutubu, na hadi leo wageni hulipiga picha. Lakini daraja la kimo kifupi, lile linalopitisha reli juu ya barabara na kumwachia dereva wa lori mwanya usiomtosha, halijui utepe wala hotuba. Linachojua ni matusi ya dereva, kilio cha mwenye mzigo na barua za kampuni za bima. Nimeona halina wa kulisemea, nami najitolea kuwa wakili wake, bila ada.

Mteja wangu mkuu yuko Durham, North Carolina, nchini Marekani, juu ya mtaa wa South Gregson. Ni daraja la reli la mwaka 1940, enzi ambayo malori yalikuwa bado hayajarefuka kama ya leo. Kwa miaka mingi mwanya wake ulikuwa futi 11 na inchi 8, yaani kama mita 3.56. Lori la huko linaruhusiwa kisheria kufika futi 13 na inchi 6, mita 4.11. Hesabu ya kutoa hapo inamtosha mtoto wa shule ya msingi, na ndiyo maana watu wazima huidharau. Mwaka 2008 jirani mmoja aliyekuwa akifanya kazi ofisi ya karibu, Jürgen Henn, alichoka kusikia kishindo bila kuona kilichotokea, akaweka kamera. Miaka kumi na moja baadaye alikuwa ameshanasa ajali zaidi ya mia moja, na dunia nzima ilikuwa ikizitazama kwa kicheko.

Upande wa mashtaka husema daraja hili ni katili. Si kweli, halimgusi mtu. Wenye reli waliweka boriti nene ya chuma mbele yake, kwa sababu wanachokijali wao ni treni inayopita juu, na kila lori linaloonekana kwenye video linaigonga boriti hiyo, haliligongi daraja lenyewe. Lori la sanduku hufika likiwa na paa, likatoka upande wa pili bila paa, bati limejikunja juu ya lami. Nyumba za magurudumu huacha hapo viyoyozi vyao. Wenyeji wamelibatiza jina la Kifungua Makopo, nami sioni tusi katika jina la kazi.

Sifa yake ya kwanza ni ukweli. Ni wangapi kati yetu wenye kimo chao kimeandikwa kifuani kwa herufi kubwa, na kila aliyetuamini akapita salama? Tena halikuishia kwenye kibao. Mwaka 2016 jiji liliweka kifaa cha kupima magari yanayokaribia. Likija refu, taa za barabarani hugeuka nyekundu na ubao huwaka ukimwamuru dereva akate kona. Kinachofuata ndicho kinachonifanya niipende kesi hii. Wapo madereva wanaosimama kwa adabu zote, wakangoja taa nyekundu iishe, wakaona kijani, wakaingiza gia na kwenda kuigonga boriti bila kuvunja sheria hata moja ya taa. Walitii kila kitu isipokuwa maandishi.

Sifa ya pili ni kwamba daraja halina shemeji. Dereva anayetoka bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma hupanda mizani zaidi ya mara moja, na uzito, kama ajuavyo kila aliyekaa barabarani, ni jambo ambalo watu wawili wazima wanaweza kulizungumza. Kimo hakizungumziki. Liambie daraja "afande, tusaidiane," liko palepale. Liambie mzigo ni wa mheshimiwa fulani, liambie una mgonjwa, liambie jana ulipita, liko palepale. Nawajua watumishi wa umma ambao wangefaa kupelekwa Durham kwa mafunzo ya wiki mbili, ingawa nahofia wangerudi na posho tu.

Nalo ni mwalimu. Muulize dereva gari lake lina nguvu za farasi ngapi, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize lina kimo gani, ataangalia juu. Daraja humfundisha aliyoyakimbia. Humfundisha kwamba lori tupu husimama juu kuliko lililojaa, kwa kuwa springi zake hazijalaliwa na mzigo, hivyo aliyepita asubuhi akiwa na saruji anaweza kurudi jioni akiwa mtupu na kukuta daraja "limeshuka". Humfundisha kwamba lami mpya ikimwagwa juu ya lami ya zamani mwanya hupungua, hata kama kibao hakikubadilishwa. Humfundisha jiometri: barabara ikiwa na bonde chini ya daraja, tela refu hukanyaga kingo mbili za bonde, magurudumu ya mbele huku na ya nyuma kule, na paa lake la katikati hubaki juu palepale penye boriti. Na humfundisha makontena. Yapo ya futi 40 yenye kimo cha mita 2.59, na yapo ya mita 2.90, na ukiwa usukani huyatofautishi. Sentimita thelathini na moja hizo hazina maana yoyote kwenye karatasi za mizigo, mpaka ufike darajani.

Kwetu elimu hii ameibeba utingo. Yeye ndiye anayeshuka penye nyaya za umeme zilizolegea au chini ya daraja asilolijua, akainua shingo na kupunga mkono: "Njoo, mzee, njoo, njoo, njoo... Simama!" Kifaa cha Durham kinafanya nusu ya kazi hiyo. Kinaona, lakini hakigongi mlango wala hakipigi mluzi, na bosi hawezi kukilaumu baadaye.

Halafu tuwatazame wanaojiita wahanga. Wengi wanaonaswa pale si madereva wa kazi hiyo. Ni watu wanaohama nyumba kwa lori la kukodi, ambao jana waliendesha gari dogo na leo wamepanda juu na kusahau kwamba walichopanda nacho kimepanda. Boston wana msimu wake kabisa. Karibu na tarehe 1 Septemba, mikataba mingi ya pango inapoanza upya na wanafunzi wanapohama, malori ya kukodi huingia barabara ya Storrow Drive, kandokando ya mto Charles, ambako malori yamekatazwa na madaraja ni mafupi. Magodoro hubaki barabarani. Na bima iliyonunuliwa kaunta mara nyingi haigusi paa. Imeandikwa hivyo, kwa herufi ambazo nazo zina kimo kifupi.

Uingereza mteja wangu mwingine, daraja la reli la Stuntney Road kule Ely, lina mwanya wa futi 9 tu. Limegongwa hadi likatajwa miongoni mwa yanayogongwa zaidi nchini humo. Mwaka 2018 wakajenga barabara ya mchepuko, pana na wazi, inayovuka juu ya reli na mto, ili mwenye gari refu asilazimike kupita pale tena. Madereva waliendelea kuligonga. Mtu akijengewa barabara nzima ya kukuepuka na bado akaja kwako, hiyo si ajali, ni mapenzi.

Sydney wamechagua upole. Kwenye handaki la bandari yao, gari refu likipuuza ishara zote, maji humwagika kutoka juu mbele yake yakawa pazia, na juu ya pazia hilo huangazwa alama kubwa ya kusimama. Ni jambo zuri kutazama. Lakini ni kubembeleza, na mteja wangu hajawahi kubembeleza mtu.

Haki inataka nitaje na mabaya. Robert Caro, katika kitabu chake The Power Broker cha mwaka 1974, aliandika kwamba Robert Moses, mjenzi mwenye nguvu wa New York, aliagiza madaraja mafupi juu ya barabara za Long Island ili mabasi yenye maskini na watu Weusi yasifike ufukweni. Wapo watafiti waliolipinga dai hilo, wakikumbusha kwamba magari makubwa yalikuwa yamekwishakatazwa kwenye barabara hizo. Daraja lenyewe linaomba ieleweke tu kwamba kimo halikujichagulia. Na karibu na Syracuse, katika jimbo hilohilo, Septemba 2010 basi la ghorofa lililokuwa limepotea njia usiku liliingia chini ya daraja la reli lenye mwanya wa futi 10 na inchi 9. Abiria wanne walikufa. Vibao vilikuwepo. Kwa kesi hiyo sina utetezi wala mzaha, nami sitautafuta.

Wanaobaki ni wale wa "kwa nini wasilirekebishe?" Kana kwamba kuna aliyekataa. Barabara ya Durham haiwezi kuchimbwa ishuke, kwa sababu bomba kuu la majitaka limepita chini yake kidogo tu, na hakuna anayetaka kubadilisha paa la lori kwa harufu ya mji mzima. Reli nayo haipandishwi kwa kuitamani, kwani treni haipendi mlima, na ukiinua hapa lazima uinue makutano ya barabara na reli pande zote mbili.

Hata hivyo, Oktoba 2019 wenye reli walilainika. Wakaliinua daraja inchi 8, sentimita ishirini, mpaka likafika futi 12 na inchi 4. Zilihitajika inchi 22 kumaliza ugomvi, lakini wakili mzuri hushukuru kwa nafuu yoyote. Nilidhani kesi imekwisha na kwamba nitatafuta mteja mwingine. Mwezi wa Novemba haujaisha, kamera ya Henn ikanasa lori la kwanza kuigonga boriti tangu daraja lipate kimo chake kipya.