Nako Haina Mashabiki

Hakuna kijana aliyewahi kujipiga picha akiwa amekumbatia nako. Spoila hupigwa picha, rimu hupigwa picha, na ekzosi yenye mdomo mpana kama sufuria ya harusi hurekodiwa hadi mngurumo wake. Nako, kile kipande cha chuma kinachoshika gurudumu la mbele ili usukani ukikatwa kulia gurudumu nalo litii, hukaa gizani nyuma ya rimu ikila matope. Nashikilia kwamba giza hilo ndilo huamua kama itabadilishwa au itapigwa nyundo. Kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, Misikhu ikiwemo, nako iliyopinda ya Subaru Impreza hainyooshwi kwa sababu mwenyewe hana pesa. Hunyooshwa kwa sababu nako nyingine, hata ikiwa mpya namna gani, haitasifiwa na mtu yeyote stejini.

Tazama kazi yake kwanza. Juu imefungwa kwenye shokabsoba kwa bolti mbili, chini imekalia bolijointi, ubavuni inavutwa na tairodi, katikati imebeba beringi na habu, na juu ya hayo yote imetwishwa kalipa ya breki. Katika Impreza, bolti ya juu kati ya zile mbili ndiyo ya kurekebishia mlalo wa gurudumu. Nako ikipinda kidogo, fundi wa alaimenti huizungusha bolti hiyo kufidia kosa lisilo lake, hadi inafika mwisho na hana tena pa kuizungushia. Hapo usukani huanza kuvuta upande mmoja, na tairi huliwa ukingo wa ndani mpaka nyuzi zinatokeza, huku ukingo wa nje, ule unaoonwa na wapita njia, ukibaki na meno yake yote. Yaani hata tairi limejifunza tabia za mwenyewe. Kuipasha nako moto na kuigonga huirudishia umbo la kutazamwa, si la kupimwa. Chuma kilichopashwa hovyo hupoteza ugumu wake, na ufa mdogo ulioanza ndani haujawahi kuzibwa na nyundo.

Utetezi wa kwanza ni wa barabara: kuna mashimo, kuna matuta yasiyo na alama, kuna trekta za miwa zinazomlazimisha dereva kushuka kandokando ya lami. Yote ni kweli, na barabara ina hatia. Lakini Probox inapita palepale, imepakia watu na magunia kupita hesabu ya heshima, na jioni inarudi nyumbani na nako zake. Siri iko kwenye tairi. Tairi la Probox la 165/80R13 lina ubavu wa mpira wa kama sentimita 13. La Impreza WRX la 225/45R17 lina sentimita 10, na mwenyewe akishaamua gari lishuke na rimu zipande, hata hizo zinapungua. Mpira ndio hupokea kofi la kwanza la shimo. Ukiupunguza, kofi linakwenda moja kwa moja kwenye rimu, beringi na nako. Shimo lilikuwepo kwa wote wawili. Ni mmoja tu aliyelipa pesa ili alikaribie zaidi.

Utetezi wa pili ni kwamba spea haipatikani na vifaa havipo. Nako iliyotumika kutoka Japani inapatikana Kirinyaga Road, Nairobi, kwa sehemu ndogo ya bei ya seti ya rimu, na basi la usiku hubeba vifurushi kila siku. Ekzosi ile ilifika kwa njia gani? Kuhusu vifaa, ni kweli nati ya ekseli ya Impreza, ambayo lazima ifunguliwe nako ikibadilishwa, hutaka kukazwa kwa kipimo, kati ya nyutonimita 190 na 220 kutegemea mwaka wa gari, na spana ya kipimo haipo katika kila gereji ya jua kali. Lakini hesabu ipo. Fundi wa kilo 70 akisimama kwenye bomba la spana, sentimita 30 kutoka kwenye nati, huku kijana wa kazi amekanyaga breki, anatoa takriban nyutonimita 206. Hata akiwa ameshiba ugali wa saa saba, bado yumo ndani ya kipimo. Balaa huja pale anaposimama mita moja mbali akiruka, kwani hapo ameshapita nyutonimita 680. Nyundo nayo ina kazi yake halali: kugonga ubavu wa jicho la nako, nati ya tairodi ikiwa imeachwa kwenye nyuzi chache, ili tairodi iachie. Kosa ni kuipandisha cheo kutoka kufungua hadi kunyoosha.

Wengine watasema Subaru ni gari la Safari Rally, limezoea mabaya kuliko ya Misikhu. Naam, Colin McRae alishinda Safari ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akashinda ya 2000. Lakini nyuma yao kulikuwa na kikosi cha mafundi wenye spea tele, na shughuli yao kwenye vituo ilikuwa kung'oa kilichochoka na kufunga kingine, si kuwasha mkaa wakinyoosha. Mashabiki wetu walimwiga McRae wakasahau mafundi wake, nao ndio walikuwa rahisi zaidi kuiga. Kwa hiyo anayekwenda kununua gari la namna hii asianze kwa kuomba liwashwe asikie mngurumo. Apige goti, apapase ukingo wa ndani wa tairi la mbele, kisha ndipo waanze kuzungumza bei.