Namna ya Kusuluhisha Ugomvi wa Kidole na Mshipa

Mama, umerudi kutoka labo umenuna. Mashine yako ya sukari ya nyumbani Ndosho ilisema 212, labo wameandika 171, na sasa unataka kujua mwongo ni nani. Keti kwanza. Kesi hii husikilizwa kama ya mke na mume: kila mmoja aulizwe alikuwa wapi, saa ngapi.

Anza na kidole. Kilinawa? Ukimenya embe kisha ukajitoboa hivyohivyo, mashine itapima embe. Pamba ya alkoli peke yake haitoshi; tumia maji na sabuni, ukikaushe vizuri, utoboe ubavuni mwa kidole, wala usikikamue kama chuchu ya mbuzi.

Halafu kiulize: tulikula lini? Kesi yenyewe iko hapa. Damu ya kidole iko karibu na ile inayotoka moyoni, bado imebeba sukari ya chakula. Ile ya mshipa wa mkono imeshapita kwenye misuli, na misuli imechukua fungu lake. Asubuhi kabla ya chai, hizo mbili karibu zinalingana. Saa moja baada ya fufu na sambaza, kidole kinaweza kuuzidi mshipa kwa mbali. Shirika la Afya Duniani lenyewe, mwaka 1999, liliweka mipaka miwili ya ugonjwa saa mbili baada ya kunywa glukosi: 200 kwa plazma (maji ya damu) ya mshipa, 220 kwa ile ya kidole.

Sasa mshipa nao ujibu. Damu yake ilikaa kwenye tyubu muda gani? Chembe za damu zikitolewa mwilini zinaendelea kula sukari, kama 5 hadi 7 kwa mia kila saa kwenye joto la chumba. Tyubu iliyotoka Sake kwa pikipiki ikiwa na 180, ikakaa saa mbili bila kuzungushwa mashineni kutenga chembe, itasomeka karibu 160. Floridi, ile dawa ya tyubu yenye kifuniko cha kijivu, huzuia ulaji huo, lakini si papo hapo. Kwa hiyo uliza, kwa adabu, damu yako ilipimwa saa ngapi.

Mashine nayo ina ruhusa yake. Kiwango cha kimataifa cha 2013 kinaikubali ikikosea hadi 15 kwa mia, kuanzia 100 kwenda juu: 200 ya kweli inaweza kuonekana 170 au 230. Ukiwa na upungufu wa damu, mwambie muganga, kwani mashine nyingi hupandisha namba.

Na shemeji atakayesema uache dawa kwa sababu ya hiyo 171, mpe chai, usimpe sikio.

Kesho twende labo mapema, kabla ya chai. Beba mashine yako na daftari. Wakivuta damu mkononi, jitoboe kidole dakika ileile, tuandike zote mbili pamoja na saa.