Barua ya Wazi: Msafara wa Kutoka Mikocheni Hadi Kwenye Lami

Kwa Ofisi Inayoshughulikia Barabara za Mitaa

Yah: Taratibu za usalama kwa msafara wa magari, kutoka getini hadi lami

Msafara wa magari yanayovuta kwa magurudumu manne hupangwa kabla injini haijawashwa. Kiongozi huchagua njia, huangalia hali ya hewa, hutaja mahali pa kukutania iwapo magari yatapotezana, na humwachia mtu anayebaki nyumbani taarifa ya saa ya kurejea. Kwa anayekwenda Ruaha hayo ni mambo ya kawaida. Mikocheni, jijini Dar es Salaam, kati ya Machi na Mei, hufanywa na anayekwenda kununua mkate.

Mwaka 1991 mashindano ya Camel Trophy yaliletwa Tanzania na Burundi, washindani wakivuka bahari na Land Rover zao kufuata tope. Ofisi inastahili pongezi, kwani tope la kiwango hicho sasa linapatikana hatua chache kutoka Barabara ya Mwai Kibaki, bila kiingilio.

Katika mpangilio wa magari ipo kanuni moja isiyobishaniwa: mwendo wa msafara ni mwendo wa gari dhaifu kuliko yote. Anayeijua njia hutangulia, mwenye gari la nguvu na kamba ya kuvutia hufunga mkia, na wanyonge hukaa katikati. Mikocheni wanyonge hao ni Vitz na IST. Kila dereva anawajibika kwa gari lililo nyuma yake. Asipoliona kwenye kioo husimama, na aliye mbele yake naye husimama, hadi habari imfikie kiongozi bila hata simu ya upepo. (Ofisi inaujua msafara wa namna nyingine, ule wa ving'ora, ambao walio nyuma husimamishwa pembeni hadi vumbi litulie. Huo haufundishwi hapa.)

Maji hayaingiwi kwa kukisia. Mtu hutangulia kwa miguu na fimbo, akipapasa chini hatua kwa hatua. Porini hutafuta mawe na mamba. Mtaani hutafuta chemba ambayo mfuniko wake ulishauzwa chuma chakavu. Land Rover Defender ya zamani ilipewa na kiwanda ruhusa ya kuvuka maji ya nusu mita. Maji yanayokwenda kasi, hata ya sentimita 30 tu, huweza kulielesha gari dogo na kulitupa mtaroni. Gari huingia polepole kwa gia nzito, gia haibadilishwi, na mwendo hubaki uleule ili wimbi litangulie mbele ya boneti na kuipunguzia injini kina. Vitabu havisemi wimbi hilo liishie wapi. Mikocheni huishia kwenye genge la nyanya. Injini ikizimika majini haiwashwi tena: maji hayashindiliki kama hewa, na yakishaingia kwenye silinda konrodi hupinda. Ng'ambo, dereva hukanyaga breki taratibu mara kadhaa zipate kukauka.

Kwa kuwa kina ndicho cha kujulikana kwanza, Ofisi inaombwa kwa unyenyekevu isilifukie dimbwi. Upembuzi yakinifu wake bado unaendelea, na haifai kuukatiza. Kinachoombwa ni nguzo moja ya kupimia, isimikwe katikati, yenye mistari myeupe na myekundu kama ya bandarini. Zege likikosekana, hata gogo la mkoche litafaa, mti ulioipa Mikocheni jina. Mstari wa sentimita 15 uandikwe “Bodaboda, kwa hiari yake”. Wa 30, “Bajaji, mwisho”. Wa 50, “Defender”. Juu ya hapo, kwa rangi ya dhahabu, uchorwe mstari wa shangingi, ambalo abiria wake huvuka akisoma gazeti. Pembeni ichongwe miaka ya fedha ambayo barabara iliahidiwa kwenye bajeti, kila mwaka kwenye kimo maji yalipofika, ili mwanafunzi wa historia asipate taabu. Nguzo iwe na mlinzi mwenye kibendera na filimbi, na apewe mtumbwi. Izinduliwe masika yakiwa yamekolea. Utepe ufungwe nguzoni penyewe, na mkasi akabidhiwe mgeni rasmi akiwa bado upande huu. Asitumwe mwakilishi.

Maombi mengine ni madogo. Mashimo makubwa yapewe majina, yasaidie kuelekezana. Madereva wa bajaji wapewe vyeti vya unahodha. Kifusi ambacho wakazi huchangishana kukinunua kitolewe risiti. Greda lipite mara moja, watoto walione.

Gari likikwama, kamba hufungwa kwenye chesisi, kamwe si kwenye bampa. Watu husimama mbali kuliko urefu wa kamba, maana ikikatika hurudi kama mjeledi, na huua. Hayo ni ya magari. Mtoto wa darasa la kwanza hana chesisi. Huvushwa mgongoni kwa mtu asiyemjua, viatu vikining'inia shingoni, juu ya maji yaliyotoka chooni mwa watu. Jioni hurudishwa vilevile, na akiumwa tumbo mama yake huelimishwa kuhusu kunawa mikono. Mitaro imezibwa na kuta, kuta zina vibali, na vibali vina sahihi. Kalamu iliyosaini haikukwama popote. Ofisi ituwie radhi. Somo lilikuwa kamba.

Msafara ukifika kwenye lami, kiongozi huhesabu magari, huuliza kama kuna aliyeumia, na hukagua vibao vya namba, kwani maji hupenda kuving'oa. Ndipo kila mmoja huruhusiwa kwenda kazini. Msafara wa kurudi hupangwa upya saa kumi na moja jioni, mawingu yakiruhusu.

Wakazi

Nakala: Fundi gereji, kwa taarifa na maandalizi.