Majina Hayana Ngumi

Katika banda la video la hapa Zirai, filamu huhesabiwa kuwa imeanza pale mtu wa kwanza anapopigwa. Yote yanayotangulia ni mali ya rimoti. Kijana anayeendesha banda akiona jina limechomoza tu kwenye skrini nyeusi, kidole kinabonyeza, na majina yanakimbia kama wanafunzi waliosikia kengele.

"Kijana, rudisha tuone mwanzo."

"Mzee, majina hayana ngumi. Na petroli ya jenereta unaijua bei yake."

Bei naijua. Lakini filamu ya kutisha iliyokatwa mwanzo ni hasara kubwa kuliko petroli. Chukua Seven, ya mwaka 1995. Mwanzo wake, alioubuni Kyle Cooper, hauna ngumi hata moja. Unaona vidole tu: wembe unakwangua ngozi ya ncha ya kidole, sindano inashona madaftari, maandishi yanatetemeka. Sura huioni. Majina hayajaisha, na wewe tayari unamwogopa mtu ambaye hujamwona. Tena jina la Kevin Spacey, anayemwigiza muuaji, waliliondoa kabisa pale mwanzoni ili mtazamaji asianze kumsubiri.

Wenzetu wanahangaika kuficha kiasi hicho, halafu mkanda unafika huku ukiwa umetafsiriwa. Kutafsiri kwenyewe nakupenda, tangu enzi za mtafsiri wa filamu Lufufu. Lakini mtafsiri wa mkanda wetu, adui alipopita tu, akatangaza: "Mkariri huyu jamaa, ndiye anayewamaliza wote!" Banda zima likashukuru kwa kurahisishiwa kazi.

Nikaomba Psycho ya mwaka 1960. Saul Bass alichora mistari inayoingia na kuchomoka, ikiyakata majina vipande, huku fidla za Bernard Herrmann zikikukwaruza mgongoni. Mistari ilipoanza, kijana akaruka, akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Kisha akaipiga deki kofi. "Diski mbovu hii, mzee."

Usidhani filamu zetu za Bongo Muvi zinaniponya. Huko mwanzo haukimbizwi, unatambaa. Mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mlinzi anafunga geti. Juu yake wanabandika vipande vya filamu yenyewe: tajiri analia kaburini, mke anameza vidonge, daktari anatikisa kichwa. Jina la mwongozaji linapotoka, mimi nimeshazika. Nabaki kukaa saa nzima nikisubiri msiba ninaoujua. Na ukungu wa kuanzia filamu ya kutisha tunao wa bure! Jioni unaingia wenyewe mlangoni, unakaa benchi la mbele bila kulipa. Kwingine huutengeneza kwa mashine.

Juzi tukaafikiana na kijana: mia tano ya filamu kama kawaida, na mia mbili yangu ya majina. Nikalipa. Taa ikazimwa, Seven ikaanza, wembe ukaonekana. Vijana wakapiga kelele, "Peleka mbele!" Mimi nimekaza macho, mia mbili yangu inafanya kazi.

Bibi anayeuza karanga mlangoni akachungulia, akayatazama majina yanavyotoka moja baada ya jingine gizani, akashika shavu.

"Jamani mwanangu, hao wote wanaoandikwa ndio marehemu?"

"Bado, bibi. Ndiyo kwanza wanaorodheshwa."